Kisiki hai kinachokataa kuwa mti: mwongozo kamili kwa shamba la Dodoma

Kisiki hai ni njia ya kurudisha miti shambani kwa kupogolea na kulinda machipukizi ya visiki vilivyo hai, badala ya kupanda miche. Mavuno yakiisha huku kwetu Chamwino, swali kuhusu njia hiyo ni lile lile. Mtu ananisimamisha mnadani au ananitumia picha kwenye simu: kichaka cha mgunga kinachofika gotini, kitambaa chekundu kimefungwa juu yake, na chini maneno haya: "Nilipogolea mwaka jana kama tulivyofundishwa. Mbona hakipandi?"

Picha hizo zinafanana kama mapacha. Makovu yamechanika kwa panga butu. Machipukizi mapya kumi na zaidi yameota baada ya kupogolea, na hakuna aliyeyarudia. Ncha zote zimeng'atwa na mbuzi. Kupogolea watu wanajua. Kinachowashinda ni miezi kumi na moja inayofuata.

Nimeandika kwa ajili ya shamba la kawaida la Dodoma na Singida: mvua ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, mtama au uwele au alizeti, na ng'ombe wanaoingia kula mabua baada ya mavuno. Kama unalima Lushoto au Rungwe, mengi humu hayatakufaa.

## Kisiki kina kitu gani ambacho mche hauna

Mche wa kitaluni ukiupanda Januari unapata miezi mitatu ya mvua, halafu miezi saba au minane mikavu. Mizizi yake ina urefu wa kiganja. Usipoumwagilia, Agosti unaupata umekauka.

Kisiki cha mti uliokatwa miaka mingi iliyopita kina mizizi ya mti mzima. Imeshafika chini kwenye unyevu na ina akiba ya chakula. Ndiyo maana kila ukifyeka kinaota tena. Kinabaki kichaka kwa sababu nguvu hiyo inagawanywa kwa machipukizi ishirini, na kila mwaka jembe, moto au mdomo wa mbuzi unayarudisha chini. Ukipunguza midomo inayokula kwenye chungu kimoja na kuzuia wizi, kinapanda.

## Vitu vya kuandaa

- Panga moja lililonolewa, pamoja na tupa au jiwe la kunolea. Tupa utaitumia kila baada ya visiki vitano au sita.
- Msumeno mdogo wa mkono kwa machipukizi yaliyozidi unene wa kidole gumba. Wenye mashamba ya zabibu wanao mkasi wa kupogolea. Unafaa sana kwa matawi membamba.
- Viatu vigumu. Miiba ya mgunga hupenya kandambili kama siagi. Katambuga za tairi zinatosha.
- Vitambaa vya rangi kali, vya upana wa vidole viwili.
- Daftari la kurasa chache na kalamu.
- Mtu mmoja anayejua majina ya miti. Huyu ni muhimu kuliko panga, na mara nyingi ni mama au bibi anayechuma mlenda na matunda pori shambani kwako bila wewe kujua.

Hela ya kununua miche huihitaji.

## Hatua ya 1: Tembea shamba kabla majani hayajapukutika

Fanya hivi Mei, majani yakiwa bado yapo. Ukisubiri Agosti utakuta vijiti vitupu, na usiku wa giza paka wote weusi: utapogolea kwa bidii kichaka ambacho hakitakaa kiwe mti.

Pita mstari kwa mstari. Kila kichaka kinachotoka kwenye gogo la chini au kwenye mzizi, simama. Chimba kidogo kwa jembe uone kama kuna kisiki chenyewe. Kwangua gome kwa ukucha: kijani na unyevu ni uhai, kahawia na vumbi, achana nacho.

Halafu uliza jina. Miti ninayoitafuta kwanza ni migunga, mlama, mkwaju, mng'ongo, mkunazi na mkole. Mkole haurefuki sana, lakini unatoa fito, matunda ya watoto na majani ya mbuzi, kwa hiyo nauacha pembezoni. Ukibahatika kuwa na mkababu, ule mgunga unaopukutisha majani wakati wa mvua na kubaki na majani kiangazi, upe nafasi katikati ya shamba. Mazao yake ya chini hayapati kivuli wakati yanapohitaji jua.

Mpingo na mninga vichague pia, lakini ujue kwamba ni miti iliyohifadhiwa kisheria. Kuukuza ni ruhusa. Kuja kuukata ni mpaka umwone afisa misitu.

Andika kwenye daftari: namba ya kisiki, jina la mti, mahali. Usichague kila kisiki. Kwenye shamba la mazao, visiki 40 kwa hekta vinatosha kuanzia, yaani kama 16 kwa ekari. Hiyo ni wastani wa mita 16 kati ya mti na mti. Kama mnalima kwa plau ya ng'ombe au trekta, jaribu kuchagua vinavyofuatana kwenye mistari. Dereva wa trekta akikuta miti imesimama hovyohovyo atakwambia bei mpya, au atapita juu yake na kusema hakuona.

Umefaulu ukiwa na orodha ya visiki vilivyo hai, kila kimoja na jina lake. Ukihesabu chini ya vitano kwa ekari, kisiki hai peke yake hakitakutosha. Anza na kukinga maji kwa matuta, au mashimo ya Chololo yale yaliyopewa jina la kijiji chake hapa hapa Dodoma, kisha upande.

## Hatua ya 2: Maliza habari ya mbuzi kabla hujagusa panga

Hatua hii haimo kwenye mafunzo mengi, au imo mwishoni kabisa, na ndiyo inayoua miti yetu. Naiweka mapema kwa makusudi.

Fikiri kama mbuzi. Kichaka chenye miiba na machipukizi ishirini ni kazi kukila. Unakula pembeni unaondoka. Halafu anakuja mwanadamu, anaondoa miiba yote ya pembeni, anaacha machipukizi matatu laini yamesimama wima kama mboga mezani. Ukipogolea kabla ya kupatana na wenye mifugo, umemwandalia mbuzi chakula. Kichaka kingebaki kichaka. Sasa kinakuwa gogo.

Yalinipata mwaka wangu wa kwanza. Nilipogolea visiki 32 kwa asubuhi mbili mwezi Julai, nikafunga vitambaa, nikapiga picha. Wiki mbili baadaye vilikuwa vimebaki tisa. Nilikwenda kwa jirani mfugaji nikiwa nimepandisha, tayari kwa ugomvi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, umewatazama hao mbuzi masikio?" Mbuzi walikuwa wa kwangu. Kijana wangu wa kuchunga alikuwa anapitisha njia ya mkato.

Kwa hiyo anza nyumbani kwako. Mwite anayechunga mifugo yako, awe kijana wa kuajiriwa au mtoto wako, umpeleke shambani umwonyeshe kisiki kwa kisiki. Mwambie miti hii ikikua, kivuli cha saa saba mchana ni chake, na maganda ya mgunga yatakayodondoka kiangazi ni ya mbuzi wake. Mchungaji aliyeambiwa sababu analinda. Aliyepewa amri anangoja uondoke.

Kisha nenda kwa majirani wanaopakana nawe, na kwa wafugaji wanaopita. Nenda kwa miguu, jioni, wakati mifugo imesharudi zizini. Usiende na karatasi ya kusaini. Desturi yetu ni kwamba shamba likishavunwa mabua ni ya wote, na ukijaribu kuivunja desturi hiyo peke yako utaonekana mchoyo. Huna haja ya kuivunja. Omba mambo matatu tu:

1. Ng'ombe waingie kula mabua. Mbuzi wasiingie kwenye mashamba yenye vitambaa kwa misimu miwili ya kwanza. Ng'ombe anapenda mabua na nyasi. Mbuzi ndiye anayetafuta ncha za miti.
2. Mapalio ya mifugo kwenda kisimani au lamboni yabaki wazi, na yasipitie katikati ya visiki. Kama palio la sasa linapita katikati ya shamba lako, toa ukanda pembeni. Kubana njia ya mifugo na kudai miti itunzwe havikai pamoja.
3. Asiyekuwa na shamba lakini ana mifugo apate kitu. Matawi yenye majani utakayoyapogolea baadaye, mwite achukue kwa ajili ya mbuzi wake.

Kuna watakaokukumbusha Kondoa. Mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO kama tulivyozoea kuuita, mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa Irangi, na uoto ukarudi wenyewe kwenye makorongo yaliyodhaniwa yamekufa. Ni ushahidi mzuri kwamba mizizi ilikuwa hai chini. Lakini ile ilikuwa amri ya serikali, na walioondolewa mifugo yao walikula hasara. Wewe unaomba mbuzi wazunguke shamba kwa misimu miwili.

Umefaulu iwapo wenye mifugo watatu au wanne wanaopita kwako wanajua visiki vyako viko wapi na wamekujibu kwa midomo yao. "Tutaona" si jibu. Rudi tena.

## Hatua ya 3: Chagua machipukizi

Sasa ni Juni hadi Agosti, mavuno yametoka, mti umepumzika. Piga magoti mbele ya kisiki. Ukikitazama ukiwa umesimama unaona majani tu.

Tenganisha machipukizi kwa mkono mpaka uone kila moja linatokea wapi. Tafuta yaliyonyooka, manene, yasiyo na kovu la moto wala tundu la mdudu, na yanayotoka chini kabisa, karibu na udongo. Chipukizi linalotoka juu ya kisiki kikavu linaonekana refu na zuri, lakini limeshika gome tu. Likizidi uzito linabanduka na upepo.

Acha matatu hadi matano. Hapa watu hukosea kwa pande mbili.

Wa kwanza wanaacha nane au kumi kwa huruma, na kichaka kinabaki kichaka. Wa pili wanaacha moja, kwa haraka ya kuona mti. Upepo wa Dodoma mnaujua, ule wa Agosti na Septemba unaopeperusha mpaka mabati. Chipukizi moja lililozoea kuegemea wenzake halina shingo ya kusimama peke yake, na likivunjika huna akiba. Mwaka wa pili utapunguza hadi mawili, baadaye moja ukitaka nguzo.

Yatawanye: moja kila upande wa kisiki ni bora kuliko matatu yaliyobanana.

Tahadhari: usichague kwa urefu peke yake. Refu na jembamba kama fimbo ya kuchungia linashindwa na fupi nene.

## Hatua ya 4: Pogolea

Noa panga. Halafu noa tena.

Yale uliyoyakataa, yakate karibu kabisa na kisiki. Ukiacha kigutu cha urefu wa kidole, maji na mchwa wanapata mlango, na kigutu hicho kitatoa machipukizi matano mapya. Kata kutoka chini kuelekea juu, kwa mshazari, pigo moja. Ukikata kutoka juu kwenda chini gome linachanika na kuteremka hadi kwenye chipukizi ulilotaka kuliacha. Kwa machipukizi manene tumia msumeno. Anza kwa kukata kidogo upande wa chini, kisha malizia juu.

Kwenye machipukizi uliyoyaacha, ondoa matawi ya pembeni kuanzia chini mpaka nusu ya urefu. Chipukizi la mita mbili, safisha mita moja. Usizidishe. Nimeona visiki vilivyonyolewa mpaka vikaachwa na kishada cha majani juu kama brashi ya chokaa. Vinapendeza siku hiyo, lakini majani ndiyo jiko la mti. Ukiyaondoa mti hauna pa kupikia, na shina linapinda.

Matawi yenye miiba usiyachome wala usiyabebe yote kuwa kuni. Chukua mazito. Yaliyobaki yazungushe kwenye kisiki kama boma dogo, miiba ikitazama nje. Hii ndiyo fensi ya bei nafuu kuliko zote, na mbuzi anaiheshimu. Majani membamba yatandaze chini yazuie jua.

Kazi hii ni ya kujumuika. Kwetu tunakwenda watu watano au sita shamba kwa shamba, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye kilimo cha ujima. Mwenye shamba anapika. Kikundi kina faida ambayo mtu pekee hana: mwingine anakuzuia panga lako likiendelea kunyoa.

Umefaulu ukirudi nyuma hatua kumi ukaona machipukizi yamesimama yenyewe bila kuegemeana, makovu laini yasiyo na nyuzi, na mwanga unapita katikati ya kisiki.

## Hatua ya 5: Weka alama

Funga kitambaa kwenye chipukizi moja, usawa wa kifua, kwa kulegeza ili kisilikabe likinenepa. Alama inamwambia kibarua wa palizi, mwenye plau na mchungaji kwamba hiki kina mwenyewe. Jua la huku linapausha kitambaa chekundu kwa miezi michache, na watoto watakichukua kutengeneza mpira. Badilisha kabla ya mvua, usinune.

## Hatua ya 6: Kinga na moto wa Oktoba na Novemba

Wanaposafisha mashamba, watu huchoma mabua. Moto mdogo tu wa mabua ya mtama unatosha kuunguza gome laini la chipukizi la mwaka mmoja.

Safisha duara la mita moja kuzunguka kila kisiki mwezi Septemba, ukisogeza mabua na nyasi kavu mbali. Boma lako la miiba nalo ni kavu, kwa hiyo duara liwe nje yake. Upande wa jirani anayechoma, lima ukanda wa jembe, hatua tatu au nne. Mwambie jirani siku utakayokuwepo ili achome mkiwa wawili, upepo ukiwa umelala.

Ukikuta chipukizi limeungua usiling'oe. Kata usawa wa kisiki, subiri mvua.

## Hatua ya 7: Rudia, rudia

Mvua ya kwanza ikinyesha, kisiki kitafanya kile ulichotarajia kwamba kimeacha: kitatoa machipukizi mapya pande zote. Hakijaasi. Mizizi ni mikubwa kuliko majani uliyoyaacha, inasukuma.

Hapa ndipo zile picha ninazotumiwa zinapozaliwa. Mtu alipogolea Julai, akarudi Julai nyingine. Katikati machipukizi mapya yamekula nguvu yote.

Dawa ni kuunganisha na palizi. Unapopalilia mara ya kwanza, Januari, ukifika kwenye kisiki inama, bandua machipukizi mapya kwa mkono yakiwa bado laini. Hayahitaji panga. Palizi ya pili, hivyo hivyo. Baada ya mavuno, pita tena na mkasi. Mara tatu kwa mwaka, dakika moja au mbili kwa kisiki.

Ukiajiri vibarua wa palizi, tembea nao mstari wa kwanza. Kibarua analipwa kwa ngwe. Kwake kisiki ni kikwazo. Mimi visiki navihesabu mbele yao asubuhi na kuvihesabu tena jioni kabla ya malipo. Tangu nianze hivyo sijapoteza hata kimoja kwa jembe.

Umefaulu ikiwa mwezi Aprili machipukizi uliyoyachagua yamekuacha kimo au yanakaribia, na chini pamesafishika. Kwenye shamba langu mgunga ulinipita kichwa msimu wa pili. Mkwaju ulichukua zaidi, nao ni mti wa subira. Mbuzi akisimama kwa miguu ya nyuma anafika mbali kuliko unavyodhani, kwa hiyo boma la miiba liendelee mpaka ncha zipite kimo chako ukiwa umenyoosha mkono.

## Hatua ya 8: Peleka kijijini

Makubaliano ya majirani yanabeba mashamba matano. Yakifika hamsini, atatokea mfugaji wa mbali ambaye hakuahidi chochote, au mchoma mkaa anayeng'oa visiki usiku. Huyo wa pili ni hatari kuliko mbuzi elfu, kwa sababu anaondoa mzizi. Hapo mnahitaji sheria ndogo ya kijiji.

Msianze na sheria. Vijiji vingi vina sheria ndogo za mazingira kwenye kabati la mtendaji ambazo hakuna anayezikumbuka, kwa kuwa zilikuja kabla ya mtu yeyote kuwa na mti wa kuulinda. Anzeni na kitongoji kimoja, msimu mmoja, watu waone.

Njia ya kisheria, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, ni hii. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu. Rasimu inapelekwa mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Ikikubaliwa huko, inapanda halmashauri ya wilaya kwa idhini. Bila idhini hiyo, faini mnayotoza haina miguu ya kusimamia, na mtu akiipinga atashinda. Ombeni muhtasari wa mkutano uandikwe vizuri, na majina ya waliohudhuria yaambatanishwe.

Mambo ya kuweka kwenye rasimu ni machache: marufuku kung'oa au kukata kisiki chenye alama bila idhini ya mwenye shamba, miezi ambayo mbuzi hawaingii kwenye mashamba yaliyoorodheshwa, mapalio yanayobaki wazi, ratiba ya kuchoma mabua na lazima ya kumjulisha jirani, faini, na inakwenda wapi. Hilo la mwisho jadilini hadi liishe. Faini ikiliwa na watu wawili, sheria imekufa siku hiyo hiyo. Wafugaji wawemo kwenye kamati ya mazingira tangu siku ya kuandika, na wanawake pia, maana wao ndio wanaotafuta kuni na ndio wa kwanza kuona kisiki kimeng'olewa.

Kama kijiji kina kilima au bonde lisilolimwa, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia chenyewe. Kisiki hai kinafanya kazi huko bila tofauti, ila machipukizi mnaacha kwenye visiki vingi zaidi, kwa kuwa hakuna mtama wa kuhofia kivuli.

## Ninavyobishiwa

"Miti italeta ndege kwenye mtama." Hoja ya kweli, na anayeicheka hajawahi kulinda uwele alfajiri. Kweleakwelea hupenda kulala kwenye vichaka vizito vya miiba na matete. Mti uliopogolewa una shina wazi chini na matawi yaliyoachana. Kichaka ulichokiacha kikasongamana kina hatari zaidi. Pamoja na hayo, kwenye ngwe za mtama na uwele napunguza visiki na kuviweka mipakani, na katikati naweka karanga, njugu au kunde.

"Kivuli kitapunguza mazao." Kitapunguza, ukiacha matawi ya chini. Kila mwaka endelea kusafisha shina hadi nusu ya urefu: mti ukifika mita nne, safisha hadi mbili. Matawi hayo ndiyo kuni zako.

"Nimekodi shamba, mwenyewe atanufaika." Hapo sina dawa ila kuzungumza naye kabla. Mpangaji mmoja wa Mvumi alipatana na mwenye shamba kwamba kuni zote za kupogolea ni zake kwa miaka anayolima, na shina ni la mwenye ardhi. Wameelewana mpaka leo.

## Hatua ya 9: Vuna bila kuua

Mwaka wa kwanza utapata fito na kuni nyepesi. Zirundike upande wa kivuli, zikauke mwezi mzima kabla ya kubeba. Maganda ya mgunga yakianza kudondoka, yaokote kwenye magunia badala ya kuacha mbuzi waingie kuyafuata. Unawapa zizini Oktoba, wakati nyasi zimekwisha.

Mizinga isubiri hadi miti ianze kutoa maua. Nimeona kikundi kikitundika mizinga kwenye visiki vya mwaka mmoja, na nyuki hawakuja, kwa sababu hakukuwa na cha kufuata. Ukifika wakati, tundika kwa waya, paka grisi kwenye waya kuzuia sisimizi, elekeza mlango mbali na upepo wa mashariki na mbali na palio la mifugo. Ng'ombe waliong'atwa na nyuki hawachagui njia ya kukimbilia.

Kuanzia mwaka wa tatu, kwenye kisiki chenye mashina mawili au matatu, unaweza kukata moja kwa ajili ya nguzo au kuni. Kata kiangazi, karibu na kisiki, kwa msumeno, na usikate yote kwa wakati mmoja hata kama mnunuzi amesimama na hela mkononi. Ukitaka kusafirisha nguzo, kuni za biashara au mkaa, pata kibali cha maliasili kwanza. Kizuizi cha barabarani hakisikilizi habari za kisiki hai.

Andika kwenye daftari umekata shina la kisiki namba ngapi, mwezi gani. Mvua ikija, mahali pale patatoa machipukizi mapya. Acha mawili, yabandue yaliyobaki, zungushia miiba, funga kitambaa kipya.